Kazi ya Kuhesabu

 

Kaskazi imeshika, na Januari ndio mwezi wa kuhesabu ndege wa majini. Katika nchi nyingi za Afrika watu hutoka mwezi huu wakaenda kwenye maziwa, mabwawa, mito na hori za bahari, wakahesabu ndege wote ambao riziki yao imo majini. Hapa Kenya kazi hiyo huwakutanisha wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wanachama wa Nature Kenya, na wengi wanaoshika darubini siku hiyo hawalipwi hata senti. Hao ndio nimekuja kuwazungumzia leo. Na sitaficha nia yangu: nataka baadhi yenu mjiunge nao kabla msimu haujageuka.

Twende kwanza Mida, kule Watamu, kaunti ya Kilifi. Mida ni hori, mkono wa bahari uliopenya barani, umezungukwa na mikoko, na umo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu lililotangazwa mwaka 1968. Maji yakipwa, hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga. Mtu akiutazama kutoka mbali atasema hapana kitu pale. Shuka, ukautazame kwa darubini. Utaona vitwitwi kwa mamia, wanatembea wakidonadona, vichwa havipumziki. Utaona sululu, mdomo umepinda kuelekea chini, anauzamisha wote kwenye shimo la kaa. Na katikati yao utamwona ndege mkubwa kidogo, mweupe, mgongoni ana weusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene ambao hata ukiwa mbali utaujua. Huyu chakula chake hasa ni kaa, basi sisi tumwite kitwitwi mla-kaa. Husimama kimya, shingo ameirudisha mabegani. Ghafla hukimbia hatua chache, akasimama. Hukimbia tena, akainama, akadaka. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa huvunjwavunjwa kwanza kwa ule mdomo. Na nyuma ya mzazi utaona kinda wa mwaka uliopita, rangi yake imefifia kijivu, anamfuata huku analia apewe chakula, ingawa kwa kimo wamekaribiana.

Kinda huyo amesafiri. Ndege hawa hawazalii Mida. Huzalia kwenye visiwa na fuo za mchanga za Ghuba, Bahari ya Uarabuni na Bahari ya Sham: Oman wapo, Iran wapo, Imarati wapo. Huchimba mashimo mchangani, na ndani ya shimo jike hutaga, kwa kawaida, yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga huwasaidia wazazi kuatamia. Yai likiangua, kinda hulishwa shimoni mpaka aweze kuruka, kisha wazazi humchukua wakashuka naye kusini kwa kufuata mwambao ule ule ambao majahazi ya Sur na Maskati yaliufuata kwa karne nyingi. Akifika kwetu bado analishwa.

Sasa fikirini, jamani. Ndege anayetaga yai moja kwa msimu akianza kupungua, hapungui kwa kishindo. Mwaka huu wanakosekana kumi, mwaka ujao kumi na tano. Mvuvi anayepita hapo kila siku hawezi kuona tofauti, wala mimi siwezi, kwa sababu jicho huzoea. Anayeweza kuona ni yule mwenye daftari la miaka iliyopita. Na wakipungua Mida huenda tatizo liko Mida, huenda liko kwenye kisiwa cha Oman ambako paka na panya wameingia kwenye mashimo yao. Ili tujue ni wapi, lazima pawe na mtu anayehesabu huku na mtu anayehesabu kule. Mtu wa kule ana kazi yake. Swali langu ni mtu wa huku.

Wengi hudhani kuhesabu ndege ni kazi ya wasomi wa chuo kikuu. Basi niwaeleze inavyofanyika, muone wenyewe. Huendi maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu ndege wametawanyika kila mahali. Unakwenda kabla maji hayajajaa, ukangoja. Bahari inapopanda, tope linafunikwa kidogo kidogo, na ndege wanasogea, wanasogea, mpaka wote wamebanana kwenye fungu la mwisho la mchanga au wamepanda juu ya matawi ya mikoko. Hapo ndipo unaanza. Unahesabu kumi, mmoja mmoja, kwa uangalifu, mpaka jicho limeshika ukubwa wa kumi. Kisha unakwenda kwa makumi kutoka upande mmoja wa kundi hadi mwingine. Mwenzako anahesabu peke yake, kimya, bila kukusikia. Mkimaliza mnalinganisha. Mkitofautiana sana, mnarudia. Akipita kipanga kundi lote likaruka, mnangoja litue, mnaanza upya. Mnaandika tarehe, saa, hali ya maji, upepo, na majina ya waliohesabu. Na mkikuta uwanja mtupu, mnaandika sifuri, kwa sababu sifuri ya leo huenda ikawa ndiyo habari kubwa miaka kumi ijayo. Mtu aliyesoma mpaka darasa la nane anaiweza kazi hii. Mtoto wa mvuvi anaiweza vizuri zaidi, maana maji anayajua bila kutazama jedwali.

Ipo na kazi nyingine pale Mida, ya kuwavisha ndege pete. Shirika la A Rocha Kenya, lililoanza mwaka 1999 na ambalo kituo chake kiko Watamu, huwakamata vitwitwi usiku kwa nyavu nyembamba, wakawapima na kuwaachia. Mmojawapo huzalia Siberia, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Mkononi uzito wake ni kama wa yai la kuku. Anapimwa bawa, anapimwa mdomo, anavishwa pete ya chuma yenye namba, anarudi zake topeni. Ukimtazama Januari ni wa kijivu tu, hana cha kukuvutia. Ngoja Aprili. Kabla hajaondoka, kifua chake hugeuka chekundu kama tofali, na mwili umenenepa kwa mafuta ya safari. Mafuta yale ameyapata kwetu, kwenye minyoo na kaa wa lile tope ambalo watu wengi wanaliona halina kazi.

Nimelitaja tope kwa makusudi, kwa sababu lina habari yake, na habari hiyo inatuhusu sisi tunaopenda kujitolea. Mtakumbuka tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, katika ule mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Watu walitoka. Tangu hapo kupanda mikoko kumekuwa shughuli ya kujitolea inayopendwa sana huku pwani: mabasi ya wanafunzi, kampuni na fulana zao, picha, soda, kisha nyumbani. Moyo huo naupenda na siwezi kuukejeli. Lakini mikoko ina makazi yake. Mlilana hukaa mbele, unapigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayoshuka kama miguu, hupenda nyuma kidogo, penye tope linalofunikwa na kufunuliwa. Mkandaa huvumilia panapokauka zaidi, na mchu utauona mpaka kando ya nchi kavu penye chumvi kali. Ukichukua miche ya mkoko ukaichomeka mbele kabisa, kwenye tope wazi, kwa sababu tu pako wazi na ni rahisi kupiga picha, mingi hufa. Mawimbi huing'oa, na mingine hugandwa na viumbe vya baharini mpaka ikalemewa. Ile michache itakayoishi itakuwa imewanyang'anya vitwitwi meza yao. Tope wazi si ardhi iliyoharibika. Limekuwa wazi tangu enzi na enzi, na linalisha.

Wanaojua kupanda mikoko tunao, na hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Nendeni Gazi, kaunti ya Kwale. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda, pakabaki vipara. Mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, akiwemo Dakta James Kairo, walianza majaribio ya kupanda upya pamoja na wanakijiji: aina gani, wapi, kwa umbali gani, na kwa nini hii imekufa na ile imepona. Kutokana na kazi ile ya subira ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaotunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa ambayo miti na tope vimeifungia. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu shuleni. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na majirani zao wa Vanga wameanzisha wa kwao mkubwa zaidi.

Watu wakiisikia habari ya Gazi husikia kupanda. Mimi nawaomba msikie kupima. Mnunuzi wa hewa ya ukaa hatoi fedha kwa kuambiwa kwamba miti ipo. Lazima watu waingie topeni, kiunoni kamba, mkononi utepe, wapime unene wa shina na kimo cha mti katika viwanja vile vile walivyovipima zamani, na waandike. Mti uliokatwa usiku huonekana pale, kwenye orodha. Bila orodha hakuna Mikoko Pamoja.

Tugeukie baharini kidogo. Watamu wako watu ambao tangu mwaka 1997, wakati huo wakijiita Watamu Turtle Watch na leo Local Ocean Conservation, wamefanya mapatano na wavuvi. Mvuvi akimkuta kasa wavuni hupiga simu. Watu wa shirika huja, wakampa mvuvi fedha kidogo za kumfidia muda wake, kasa akapimwa gamba kwa utepe kuanzia shingoni hadi mkiani, akapimwa uzito, akatazamwa kama ana jeraha au ule uvimbe unaoota shingoni na kwenye makasia yake, akavishwa kibati chenye namba, akarudishwa majini. Mgonjwa hupelekwa kwenye kituo chao cha matibabu. Wamefanya hivyo zaidi ya mara 20,000. Na kibati kile ndicho kinachowawezesha kusema kasa huyu tulishamwona, alikuwa na urefu huu, amekua hivi, hajahama eneo hili. Kila simu ya mvuvi ni mstari kwenye kitabu. Wavuvi hawa hawajiiti watu wa kujitolea, lakini mimi sijui jina jingine la mtu anayeacha kuvuta wavu wake ili angoje gari la shirika kwa ajili ya mnyama ambaye babu yake angemchinja.

Kuanzia Machi mpaka katikati ya mwaka kasa wengi zaidi hupanda fuo zetu kutaga. Jike mmoja hufukia mayai yapatayo 100 au zaidi kwa shimo, nayo mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Hapo panahitajika miguu ya kutembea: alfajiri, kabla watu hawajaufuta ufuo kwa nyayo, kutafuta njia aliyoburura mwili wake, kuweka alama, kuandika tarehe, kuhamisha mayai yaliyotagwa chini mno ambako maji ya bamvua yatayafikia. Joto la mchanga nalo linahitaji mtu wa kulipima, maana ndilo linaloamua kama vifaranga watakuwa majike au madume. Mchanga ukizidi joto, madume huadimika. Nyinyi wenye nyumba na hoteli zinazotazama bahari, kujitolea kwenu ni kuzima taa za upande wa ufuo msimu huo. Kifaranga akitoka shimoni hufuata penye mwanga, na mwanga wa asili uko baharini.

Nyangumi nitawagusia tu. Kuanzia Julai nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari baridi za kusini, na manahodha wa Watamu wamekuwa wakiandika mahali walipowaona, saa, na kama walikuwa na mtoto. Mwenye chombo, afanye hivyo.

Sasa tuingie msituni, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Arabuko-Sokoke uko kati ya Kilifi na Malindi, ukubwa wake kama kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkubwa kabisa uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja una mirihi, mirefu, yenye nafasi kati yake na mchanga mweupe chini. Upande mwingine kuna kichaka kizito kwenye udongo mwekundu, ambako hupiti bila kuchanika nguo. Humo kwenye udongo mwekundu anaishi bundi mdogo wa Sokoke, kimo chake hakifiki urefu wa rula ya mwanafunzi. Nje ya hapa anajulikana mahali pachache tu, pakiwemo chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Bundi kwetu hapendwi. Wengi tumelelewa kumfukuza akilia juu ya paa. Na bado wako vijana wa Gede na Mida, waongozaji wageni, ambao wanaujua mti anaolala, tawi analokalia, na wakikuonyesha utamtazama muda mrefu usimwone, mpaka afumbue jicho moja.

Humo pia yumo sange mwenye kiuno cha dhahabu. Ni mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na nyuma, penye makalio, ana manyoya ya manjano yanayong'aa. Hujenga viota vya majani chini, kadhaa kwa wakati mmoja, na hubadilisha anapolala ili adui asimzoee. Dume na jike hushika eneo lao pamoja. Ngome yake kubwa duniani ni msitu huu. Na anakufa kwa kitanzi cha waya.

Kitanzi cha sange ukikiona hutaamini kwamba ni silaha. Waya mwembamba, mara nyingi umetolewa kwenye breki ya baiskeli au nyaya za umeme zilizotupwa, umefungwa kwenye kijiti kilichopindwa, kando yake vijiti vimesimamishwa mfululizo kufanya ua mfupi wa kumwelekeza mnyama kwenye mlango mmoja. Ua huo huenda ukawa na milango mingi, kila mlango na kitanzi chake. Haumjui sange wala paa nunga wala ndege atembeaye chini. Humkamata anayepita. Na aliyeutega akiugua au akisafiri, mtego hausafiri naye. Unaendelea kuua na kuozesha.

Kwa hiyo katika shughuli zote za kujitolea zilizopo huku, hii ya kung'oa vitanzi ndiyo ninayoiweka mbele. Marafiki wa Msitu wa Arabuko-Sokoke na A Rocha Kenya huifanya pamoja na wanavijiji, na haifanywi bila askari wa msitu wa KFS au wa wanyamapori wa KWS kujua. Mnapangwa mstari, hatua chache kati ya mtu na mtu, mnakwenda mmeinamisha macho. Mnatafuta kijiti kilichokatwa, majani yaliyosogezwa, kinjia kisicho cha mnyama. Kitanzi kikionekana, mtu anaita, kinang'olewa, mahali panaandikwa. Msisahau kuandika. Nyaya mkizichoma bila kuandika mmeokoa wanyama wa wiki hii. Mkiandika mahali na tarehe, baada ya miezi mnaona vitanzi vinatoka zaidi upande gani, msimu gani, karibu na kijiji kipi, na mnaweza kwenda kukaa na watu wa kijiji hicho mkauliza kuna nini. Mara nyingi kuna njaa. Ukame ukikaza, vitanzi huongezeka, na aliyetega unamkuta ni mzee mwenye wajukuu ambaye shamba lake la mahindi limekauka. Mtu huyo hatatoka msituni kwa kuhubiriwa.

Hilo lilieleweka mapema na walioanzisha mradi wa Kipepeo pale Gede mwaka 1993. Wakati ule majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe wapewe mashamba. Mradi ukawafundisha wakulima kufuga viwavi wa vipepeo wa msituni na kuuza mabuu yao kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Mkulima akawa na sababu ya kuutaka mti fulani usimame, kwa kuwa majani yake ndiyo chakula cha kiwavi wake. Pale Mida kwenyewe, daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko hutoza wageni kiingilio, na fedha hizo huchangia karo za watoto wa sekondari wanaotoka kando ya msitu.

Kuna na ndege mwingine wa kaunti hiyo hiyo lazima nimtaje. Kwera wa Clarke, manjano na nyeusi, aliandikwa na wanasayansi mwaka 1913. Dunia nzima anaishi Kilifi tu, katika Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha. Na kwa miaka 100 hakuna aliyejua anajenga wapi kiota. Watu walitazama juu ya mirihi, hawakuona. Mwaka 2013 wanakijiji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha, pamoja na wataalamu, wakavikuta viota: chini, kwenye manyasi ya kinamasi kinachojaa mvua za masika zikinyesha vizuri na kukauka baadaye. Waliotatua fumbo hilo ni watu wanaoishi hapo, wanaojua kinamasi kipi kimejaa mwaka gani.

Na mkitaka mfano wa kuhesabu kulikookoa kiumbe, vukeni bahari mpaka Pemba. Popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda, hapatikani popote pengine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa na kukatiwa miti mpaka wataalamu wakaogopa kwamba anatoweka. Vijiji vikaunda vikundi vya kulinda miti anayolala, Kidike pakiwa ndipo panapojulikana zaidi, na vikundi hivyo vikawa vinamhesabu, tena na tena, jioni anapotoka. Uchunguzi wa mwaka 2007 ulikadiria wamefika kama 20,000. Hesabu iliwapa watu wa Pemba kitu cha kujivunia, na walipoona idadi inapanda hawakutaka kuwa wao watakaoishusha.

Kuna hesabu nyingine isiyofurahisha. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kusafisha taka, akavuka hadi bara, na leo kuanzia Mombasa hadi Malindi anakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Mwaka 2024 KWS walitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Mwenye kujua miti wanakolala jioni awapelekee taarifa, na sumu msiguse. Lakini taka zikibaki wazi sokoni, kunguru watarudi, na hilo halihitaji mtaalamu.

Sasa nakuja kwenye neno zito. Ukitembelea vituo vya mashirika niliyoyataja utakuta watu wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, wamelipa nauli na chakula chao ili waje kuhesabu ndege wetu. Siwalaumu. Wengine wamefanya kazi ambayo tungekuwa hatuna bila wao. Lakini hukaa wiki sita, miezi mitatu, wakaondoka, na ujuzi wa macho yao ukaondoka nao. Kijana wa Dabaso, pale kando ya Mida, akifundishwa leo, atakuwa hapo miaka 40. Mbona hayupo?

Hayupo kwa sababu hana nauli. Hayupo kwa sababu siku ya kuhesabu ni siku ya kibarua, na kibarua ndicho chakula cha jioni. Hayupo kwa sababu darubini moja nzuri ni mshahara wa miezi. Nasikia watu wakisema vijana wetu hawana moyo wa kujitolea, kila kitu wanataka posho. Mimi nakataa maneno hayo. Mvuvi wa Watamu anafidiwa muda wake, na hakuna anayesema kasa yule hakuokolewa kwa moyo. Mashirika, kaunti, hoteli, nyinyi mnaotenga fungu la miche na fulana: tengeni fungu la nauli, chakula cha mchana na darubini kumi za kuazimwa. Zikae shule ya msingi, zikae kwa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, zikae ofisi ya kikundi cha msitu. Mtashangaa watakaojitokeza.

Na wewe unayenisikiliza, huhitaji kungoja fungu hilo. Walio Nairobi, kila Jumatano asubuhi Nature Kenya hutembea kutazama ndege kuanzia Makumbusho, na matembezi hayo yameendelea tangu miaka ya 1970. Mgeni hukaribishwa, na atapata mtu wa kumwonyesha kwenye kitabu. Mwenye simu anaweza kuandikia ramani ya ndege ya Kenya: unachagua eneo, unatembea si chini ya saa mbili, unaandika kila ndege uliyemtambua kwa uhakika, na usiyemjua unamwacha. Walio karibu na Arabuko-Sokoke, nendeni Gede mwulize waongozaji wa msitu lini wanatoka kung'oa vitanzi. Walio Kwale, ulizeni Gazi lini wanapima, na mkienda kupanda, mpande mahali watakapowaonyesha wao. Walio Zanzibar na Tanga, vikundi vya kasa na vya misitu mnavyo vijijini kwenu. Kaulizeni kama wana daftari, na kama hawana, pelekeni moja.

Mkienda Mida wiki hii, tazameni mwezi, mjue kama ni bamvua au maji mafu, maana maji mafu hayawabani ndege vya kutosha na hesabu huwa ngumu. Fikeni saa mbili kabla maji hayajajaa. Vaeni nguo zisizong'aa, chukueni maji ya kunywa, kofia, kalamu ya risasi kwa sababu ya wino huchafuka na chumvi, na mtoto mmoja mwenye macho makali.